Maswali ya Wasomaji: Tamathali za Semi na Macho ya Mwandishi

Katika toleo lililopita niliwaomba wasomaji wa Mtwara na Lindi waniandikie kuhusu jambo lolote linalowatatiza katika tamathali za semi, yaani yale maneno na mafungu ya maneno ambayo hutolewa katika maana yake ya kila siku ili kauli ipate picha, nguvu au ladha. Barua zilizofika ni nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Nimechagua saba. Baadhi nimezijibu kwa urefu kwa sababu zinagusa mzizi wa uandishi, na nyingine kwa maneno machache kwa kuwa hazidai zaidi.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Newala. Tumefundishwa kwamba tashibiha hutumia maneno kama "kama", "mithili ya" na "mfano wa", na kwamba sitiari haiyatumii. Nimekariri hivyo na alama ninazipata. Lakini mwalimu wetu husema sitiari ina nguvu zaidi, nami sielewi nguvu hiyo inatoka wapi ikiwa tofauti yenyewe ni neno moja.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tofauti huonekana katika neno moja, ni kweli, ila kazi ya neno hilo ni kubwa. Ukisema "Babu ni kama mpingo", umeviweka vitu viwili kando kwa kando, na msomaji amebaki na nafasi ya kuvitazama vyote viwili huku akijua kwamba babu ni babu na mti ni mti. Ukisema "Babu ni mpingo", umemnyang'anya nafasi hiyo. Kwa kitambo kidogo inambidi akubali jambo lisilowezekana, kisha atafute mwenyewe sababu ya wewe kulisema. Nguvu anayoitaja mwalimu wako imo katika kule kutafuta, kwa maana kitu ambacho msomaji amekipata kwa jasho lake hukihesabu kuwa chake.

Hata hivyo, mimi sikubali kwamba sitiari huishinda tashibiha sikuzote. Baada ya neno "kama" unaweza kuendelea kueleza, ukamwonyesha msomaji ni upande gani hasa wa kile kitu unaoutaka, na sitiari haikupi nafasi hiyo kwa urahisi. Tubaki na huo huo mpingo. Waandishi wengi huandika "mweusi kama mpingo", na msomaji hupita bila kuona chochote. Sasa nenda kwa mchongaji yeyote wa Kimakonde, umwombe akuonyeshe gogo kabla halijaguswa na tezo. Gome lake ni la kijivu na limechanikachanika. Chini ya gome kuna tabaka jembamba la mti mweupe unaoelekea umanjano. Weusi wenyewe umo moyoni, na ndiyo maana katika baadhi ya vinyago utaona ukanda mweupe ambao mchongaji ameuacha kwa makusudi. Tena kipande cha moyo huo ukikitupa majini huzama, wakati mbao nyingi tunazozijua huelea.

Mtu aliyeyaona hayo hawezi tena kuandika "mweusi kama mpingo" akatosheka. Huenda akaandika hivi: "Babu alikuwa kama mpingo, kwa nje ni wa kijivu na mikunjo mitupu, na hakuna aliyeijua rangi ya moyo wake mpaka maisha yalipomchonga." Kauli hiyo imeanza kwa tashibiha, na kabla haijakwisha imezaa tashihisi, kwa sababu maisha yameshikishwa tezo mkononi kama mtu. Mwandishi hakupanga kutumia tamathali mbili. Alimtazama babu, akalitazama gogo, na lugha ikamfuata.

Kwa hiyo, mwanangu, kukariri majina ya tamathali kutakufaa katika mtihani, lakini ukitaka kuandika, anza na macho. Hapo Newala umezungukwa na mikorosho, na sidhani kama kuna mti uliobeba picha nyingi kuliko huo. Tazama korosho inavyoning'inia nje ya bibo, ilhali matunda mengine huificha mbegu tumboni. Tazama vidole vya akina mama wanaobangua kwa mkono. Mafuta ya lile ganda hubabua ngozi, na mara nyingi mtu hajui kwamba ameungua mpaka baadaye, ngozi inapoanza kutoka. Mimi nimewahi kusikia maneno ya aina hiyo, yaliyosemwa taratibu na kwa tabasamu, ambayo uchungu wake ulinifikia jioni nilipokwisha kurudi nyumbani. Ukiandika "maneno yake yalikuwa mafuta ya ganda la korosho", mtu wa Newala atayapapasa mikono yake.

Linganisha na ile sitiari ambayo kila msimu wa mavuno tunaisikia, kwamba korosho ni "dhahabu ya kijani". Aliyeitoa kwa mara ya kwanza alikuwa na jambo la kusema. Sasa imetumika hata imelainika, tena inaficha mengi. Dhahabu haipatwi na ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, haipuliziwi salfa, haiozi kwa mvua iliyokuja kabla ya wakati, na mwenye dhahabu haketi chini ya mti akisubiri mnada umtajie bei. Sitiari iliyochakaa hutufanya tudhani tumekiona kitu ambacho hatujakitazama.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, ninafundisha Kiswahili mjini Masasi. Kila mwaka wanafunzi hunibana kuhusu majazi na taniaba, kwa kuwa kitabu kimoja kinasema hivi na kingine kinasema vile. Je, nishike kipi?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, hukukosea wewe wala wanafunzi wako. Vitabu vyenyewe havikubaliani. Katika vitabu vingi vinavyotumiwa Kenya, majazi ni pale mhusika anapopewa jina linalolingana na tabia au hali yake. Kwingine utakuta majazi ni kukitaja kitu kwa jina la kitu kingine kinachohusiana nacho. Taniaba nayo huelezwa mara kuwa ni sehemu kusimama badala ya kitu kizima, mara kuwa ni jina la mtu mmoja kusimama badala ya watu wote wa aina yake. Kwa ajili ya mtihani, shika kitabu kilichoidhinishwa kwa shule yako, na uwaambie wanafunzi wazi kwamba istilahi hutofautiana.

Kwa ajili ya uandishi, wafundishe kwanza jinsi tamathali hiyo inavyofanya kazi, kisha jina lifuate. Mfano unao mlangoni. Kangomba ni kipimo kisicho rasmi cha kununulia korosho kwa mkulima aliyebanwa na shida kabla ya msimu. Leo mtu akisema "Kangomba imemmaliza jirani yangu", hakuna anayefikiria kipimo. Sote tunaiona biashara nzima, pamoja na mkulima aliyekwisha kuuza jasho lake kwa bei ya kutupa. Jina la chombo limebeba jambo zima. Ndivyo ilivyo pia tunaposema "Dodoma imetoa tamko" tukimaanisha serikali, au "Mkono mmoja haulei mwana" tukimaanisha mtu na wala si kiungo chake. Mwanafunzi atakayeutambua mwendo huo katika lugha ya sokoni kwao hatayumbishwa na kitabu chochote.

SWALI: Ndugu Mwalimu, mimi ni kijana wa Lindi mjini, ninapenda kuandika hadithi. Nilipeleka hadithi yangu mahali ikarudishwa na neno moja tu: "mapambo". Niliumia, maana nilitia tamathali kwa bidii, kama tulivyofundishwa kwamba zinatajirisha kazi. Ninakutumia aya ya mwanzo uihukumu bila kunionea haya: "Jua lilikuwa likitabasamu kama malaika huku upepo ukininong'oneza siri za bahari ya maisha. Moyo wangu ulidunda kama ngoma, machozi yakanitiririka kama mto Lukuledi, nikajua kwamba ngazi ya ndoto zangu imevunjika na mbegu zake zimezama. Baba alikuwa amesafiri na hakurudi."

JIBU: Kijana wangu, ninakushukuru kwa kuniamini. Kukurudishia kazi kwa neno moja hakukuwa haki, kwa hiyo nitajaribu kukueleza kile ambacho neno hilo lilipaswa kukueleza.

Sentensi yako ya mwisho ndiyo bora, nayo haina tamathali hata moja. "Baba alikuwa amesafiri na hakurudi." Nilipoifikia nilisimama. Nikarudi juu kutazama kwa nini sikuwa nimesikia lolote kabla yake, nikaona kwamba katika sentensi mbili za kwanza umenipa jua linalotabasamu, malaika, upepo unaonong'ona, bahari ya maisha, ngoma, mto, ngazi na mbegu. Kila picha imeisukuma nje iliyoitangulia kabla sijaitazama. Kibaya zaidi, picha zenyewe hazijuani. Ngazi haina mbegu, na mbegu hazizami kwa sababu ngazi imevunjika. Jua linatabasamu wakati msimulizi analia, na ingekuwa vizuri kama ungekuwa na maana katika hilo, kwamba dunia haimjali, lakini aya haionyeshi kwamba unayo. Jina la Lukuledi limenifurahisha kwa kuwa ni la kwetu. Bahati mbaya, mto wa kwetu ukitiwa katika picha ya kila mtu, picha hubaki kuwa ya kila mtu.

Nadhani ulifundishwa kwamba tamathali ni kitu cha kutiwa, kama chumvi inavyotiwa katika mboga iliyokwisha kuiva. Ninakusihi uachane na fikra hiyo. Jiulize baba alisafiri kwa chombo gani. Kama ni mvuvi, basi bahari umekwisha kuipata, na hiyo ni bahari ya kweli, wala huihitaji tena bahari ya maisha.

Hapa nina kisa changu. Miaka mingi iliyopita niliandika hadithi ambamo watu wanakwenda kuokota pweza miambani siku ya maji mafu. Nilidhani maji mafu ni bahari iliyotulia. Mzee mmoja mvuvi wa Mikindani aliisikia ikisomwa, akaniita kando kwa upole, akanieleza kwamba siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, hata miamba ikabaki wazi na mwokota pweza akapata pa kukanyaga. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hujaa kidogo na kupwa kidogo, na miamba hubaki chini ya maji. Watu wangu nilikuwa nimewapeleka baharini siku ambayo hawakuwa na la kuokota. Tangu siku hiyo jina lile limenikaa moyoni. Wavuvi walikuwa na sitiari yao tangu zamani, wakaiita bahari isiyokwenda mbali wala kurudi mbali kuwa imekufa, na mimi nilikuwa nikiitumia bila kuitazama.

Sasa niruhusu niijaribu aya yako, uikubali au uikatae:

"Baba aliondoka na mashua siku ya bamvua, akasema atarudi kabla ya maji mafu. Maji yalijaa, yakapwa, yakajaa. Siku ya saba mwezi ulikuwa nusu na bahari ilikuwa imekufa. Jioni ile mama alipima unga wa watu wanne."

Sikuyataja machozi wala moyo. Tamathali iliyobaki ni moja, ile ya bahari iliyokufa, na kwa mvuvi hiyo ni taarifa ya kawaida, ila kwa mtoto anayemsubiri baba yake ni habari nyingine. Kule kurudiarudia "yalijaa, yakapwa, yakajaa" bila kiunganishi ni mbinu pia. Huitwa mjalizo, na hapa kunamfanya msomaji asubiri pamoja na mtoto. Unga umepungua, na msomaji atahesabu mwenyewe. Hadithi ni yako, nami nimeigusa ukingoni tu. Nasubiri aya ya pili.

SWALI: Mwalimu, niko Ruangwa. Tofauti kati ya chuku na uongo ni ipi?

JIBU: Chuku, au mubalagha, humpa msomaji kauli ambayo hawezi kuiamini hata akitaka, ndipo akatafuta maana nyuma yake. Shamba lenye mikorosho mia nane ukisema lina elfu mbili, umedanganya, kwa kuwa elfu mbili yaweza kuaminika. Ukisema "mikorosho yake inaanzia hapa mpaka mahali jua linapolala", umetia chuku na hakuna aliyedhurika. Methali "Maji ya kifuu bahari ya chungu" imefanya zaidi ya hayo: imeyafanya maji ya kifuu kimoja kuwa bahari, na papo hapo imekwambia kwamba kwa chungu, yaani sisimizi, hiyo ni kweli tupu.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, Kilwa Masoko. Niliandika katika muhtasari wa kikao kwamba fedha za sandukuni zimepungua na hazijulikani zilipo. Mwenyekiti alinitaka nibadili niandike "kuna changamoto ya fedha", akasema hiyo ndiyo tafsida na ndiyo lugha ya kistaarabu. Mimi moyo hautulii. Je, ana haki?

JIBU: Nzuri, dada yangu. Moyo wako umekuongoza vyema.

Tafsida ni miongoni mwa tamathali zinazostahili heshima kubwa kuliko zote, na watu wa pwani tumelelewa ndani yake. Tunasema "ametutoka" au "ameaga dunia", tunasema "mjamzito", "amejifungua", "amekwenda haja", "hali yake si nzuri". Neno kali limevuliwa na la stara likavikwa. Lakini chunguza mfano wowote kati ya hiyo na utaona jambo moja: msikilizaji amekwisha kuelewa. Anayeambiwa "mzee ametutoka" haulizi mzee amekwenda wapi. Anaanza kujitayarisha kwa mazishi. Tafsida husitiri ukali wa neno, na habari yenyewe hufika nzima.

"Changamoto ya fedha" haifikishi habari. Mwanakikundi atakayeusoma muhtasari huo hatajua kama marejesho yamechelewa, kama michango haikutosha, kama sanduku limevunjwa au kama kuna aliyechukua. Kilichositiriwa hapo ni taarifa, na wenye haki ya kuipata taarifa hiyo ni wale wale walioweka fedha zao. Hiyo siiiti tafsida hata kidogo.

Na kwa kuwa umelitaja neno "changamoto", nitasema lililonikaa rohoni kwa muda mrefu. Neno hilo lilikuwa zuri. Lilikuwa na maana ya jambo linaloamsha bidii na kumfanya mtu ajipime nguvu. Sasa limegeuzwa kuwa kawa la kufunikia kila sahani. Bomba halitoi maji tangu Jumatatu, tunaambiwa kuna changamoto ya maji. Zahanati haina dawa, kuna changamoto ya dawa. Daraja limebebwa na mafuriko, kuna changamoto ya miundombinu. Lugha yetu ina uhaba, upungufu, ukosefu, hitilafu, kasoro, hasara, shida, dhiki, ubadhirifu na wizi, na kila neno kati ya hayo lina mahali pake ambapo jingine halifai. Tukiyaweka yote chini ya kawa moja, tutashindwa hata kujua tunacholalamikia.

Muhtasari wa kikao hauhitaji tamathali. Ningekushauri uandike hivi: "Fedha taslimu zilizohesabiwa sandukuni zilikuwa pungufu ya kiasi kilichoandikwa daftarini. Wajumbe hawakupata maelezo ya upungufu huo." Taja kiasi chenyewe kwa tarakimu na kwa maneno. Hakuna aliyetukanwa hapo wala aliyetuhumiwa, na stara ya kikundi imebaki. Tafsida yako itunze kwa ajili ya siku utakayokwenda kumwambia mwenzenu, faraghani, kwamba watu wameanza kumtilia shaka.

SWALI: Mhariri, mimi ni mzee wa Tandahimba, nimestaafu kazi. Mjukuu wangu aliandika insha kwamba nazi ilianguka mchangani tifu, na mwalimu akalikata neno "tifu" kwa wino mwekundu, akaandika pembeni kwamba hiyo ni lugha ya mazungumzo. Sisi tulikua tukisema hivyo. Je, tulikuwa tukikosea?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Hamkukosea, na mjukuu wako anastahili pongezi.

Maneno hayo huitwa tanakali za sauti, na ingawa vitabu vingine huyatenga na tamathali zenyewe na kuyaweka katika fungu la mbinu nyingine za lugha, mimi nayahesabu kuwa hazina kubwa mno ya Kiswahili. Kinachonishangaza kila ninapoyatazama ni usahihi wake. Mtu akianguka pu, tunajua ni mzigo mzito umefika chini. Akianguka sakafuni, ni pa. Akianguka majini, ni chubwi. Akianguka mchangani, ni tifu, kama alivyoandika mjukuu wako. Akianguka matopeni, ni tapwi. Silabi moja au mbili zimekwambia aina ya ardhi, uzito wa kilichoanguka na sauti iliyobaki hewani. Mwandishi asiyezijua atalazimika kuandika "ilianguka chini kwa kishindo kikubwa", maneno matano ambayo hayakwambii kama nazi imepiga mchanga au imepiga bati la jirani.

Halafu kuna yale yasiyoiga sauti kabisa, yanayokoleza sifa au hali. Nguo ni nyeupe pe, nyingine nyeusi ti. Giza ni totoro. Watu wametulia tuli, pamekuwa kimya jii, ukumbi umejaa pomoni, mtoto amelowa chepechepe, samaki wananuka fee. Kila moja lina mwenzake, wala huwezi kuwabadilisha wake na waume: hakuna giza pe, hakuna ukimya pomoni. Mgeni anayejifunza Kiswahili anaweza kuifahamu sarufi yote na bado akakosea hapo, lakini mtoto aliyelelewa na bibi na babu hakosei. Kwa hiyo mwalimu alipolikata neno lile, alikata kitu ambacho shule ingehitaji miaka kukifundisha.

Nitamtetea mwalimu kwa jambo moja tu. Katika barua ya kuomba kazi, katika taarifa ya chama cha msingi, katika maelezo ya polisi, tanakali hazina nafasi. Insha ya masimulizi ina sheria nyingine, na nazi inayoanguka katika masimulizi ina haki ya kusikika. Mwambie mjukuu alirudishe neno lake katika nakala yake ya nyumbani, na asizijaze insha zake zote kwa tifu na chubwi, kwa sababu sauti moja katika ukimya husikika kuliko sauti kumi katika kelele.

SWALI: Mwalimu, salaam kutoka Nachingwea. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka minane na mwingine kumi. Ningependa wazizoee tamathali za semi kabla hawajafika kwenye madarasa ya kukariri. Nianzie wapi, na ninunue kitabu gani?

JIBU: Usinunue kitabu kwanza. Anza na vitendawili, usiku, baada ya chakula, kama wazee wetu walivyofanya na kama wengine wanavyofanya bado.

Kitendawili ni sitiari iliyofichwa upande mmoja. Mtu akisema "Kuku wangu katagia miibani", amekwambia kwamba nanasi ni yai la kuku aliyechagua mahali pabaya, ila nanasi amelitia mfukoni akuache ulitafute. Akisema "Nyumba yangu haina mlango", amelifanya yai kuwa nyumba. Mtoto anayetafuta jibu anafanya kazi ile ile niliyomweleza mwanafunzi wa Newala, ya kuvipitia vitu vyote anavyovijua na kuvipima kimoja kimoja: kina umbo hilo? kinakaa hapo? kina tabia hiyo? Hakuna zoezi la darasani linaloyanoa macho kiasi hicho, na gharama yake ni kuzima televisheni kwa nusu saa.

Watoto wakishavizoea vya zamani, wape kazi ya kutunga vyao. Sharti liwe moja: kitu kinachofichwa kiwe kimeonekana siku hiyo hiyo, njiani, jikoni au shambani. Mwanzoni vitakuwa vibovu, na wewe usivisahihishe kwa haraka. Muulize mtoto tu, "Na hiki kingine hakifanani nacho?" Akigundua kwamba kitendawili chake kina majibu matatu, atarudi mwenyewe kukikaza.

Nililifanya zoezi hili mwaka mmoja na darasa la watoto wadogo karibu na Mikindani, wakati mabibo yalikuwa yametapakaa chini ya miti na harufu yake imejaa hadi darasani. Watoto wengi walitega vya nazi na vya ngalawa. Kisha akasimama msichana mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, akaita, "Kitendawili!" Wenzake wakamwitikia, "Tega!" Akasema, "Wote huficha mali tumboni, wangu kaitundika nje." Palikuwa kimya. Nami nilijaribu nikashindwa, nikampa mji wa Lindi, akaukataa. Nikampa Mtwara, akaukubali, akaenda mji wake na kurudi. Akanyoosha kidole dirishani, kwenye mkorosho uliokuwa hatua kumi kutoka tulipoketi.